Safu Iliyofutwa

Sehemu ya tisa

Mlango wa nyuma ulifunguka, Ubbo akaingia na mkate kwapani kabla Geeske hajaifunga kompyuta.

Hapo ndipo nilipokatia wiki iliyopita, na barua zenu za kunilaumu nimezisoma zote. Haya, tuingie naye.

Kwenye kompyuta kulikuwa na picha ya fomu ya matokeo ya kituo cha kura namba kumi na nne, Nyumba ya Wazee ya Tuinwerd. Kati ya orodha za vyama, Orodha ya Vijiji: kura 112. Orodha ya Wakristo: kura 19. Na chini kabisa, kwa wino wa bluu, saini ya mwenyekiti wa kituo: U. Tamminga.

Mume wake.

"Unaangalia nini?" Ubbo aliuliza.

"Hesabu."

"Hesabu gani hiyo inayokukausha uso hivyo?"

Aliweka mkate mezani, akavua kofia iliyolowa mvua, akainama kutazama. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na huu ulikuwa uchaguzi wake wa kumi na moja kuketi meza kuu. Saini yake aliijua.

"Tuinwerd," alisema. "Ina nini?"

Geeske alisugua macho. Siku kumi alikuwa akisafisha matokeo ya manispaa ya Marnewold, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Manispaa huyaweka hadharani matokeo ya kila kituo, ayachukue anayetaka, na kila baada ya uchaguzi anayetaka ni yeye. Mwaka huu yalikuja machafu kuliko miaka yote. Kituo kimoja kiliandikwa kwa majina matatu. Nukta ya maelfu mashine iliisoma kama desimali, kura 1.204 zikageuka kura moja na ushee. Vijiji viwili vilivyounganishwa vilihesabiwa mara mbili. Alisugua, akapanga, akalinganisha na fomu moja moja, mpaka mgongo ukawa kama ubao. Alipomaliza, akaziweka chaguzi saba kando kwa kando.

Vituo ishirini na viwili vilikaa kama vilivyokaa siku zote. Kimoja kilikataa.

"Wazee wa Tuinwerd ni watu wa kanisa," alisema. "Chaguzi sita mfululizo, Wakristo hawajashuka chini ya kura mia pale. Vijiji hawajawahi kufika ishirini. Safari hii imegeuka juu chini. Zimebadilishana, Ubbo. Mtu ameandika za huku kule na za kule huku."

"Mtu."

"Mwandiko ni wako."

"Sasa mimi ndiye mtu!" Ubbo aligonga meza, mkate ukaruka. "Tangu sina mvi nahesabu kura katika manispaa hii! Sijawahi kuitwa kuulizwa hata kura moja! Leo naulizwa jikoni kwangu, na mke wangu, kwa sababu kompyuta imeota!"

"Usipige kelele. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka!"

Kisha Ubbo akavuta kiti, akaketi bila kuvua koti, maji yakidondoka sakafuni.

"Siku ile," alisema.

"Siku ile nini?"

"Tulipokuwa tukijaza fomu. Sikulikumbuka jina la Alie. Nimekaa naye meza moja kutwa nzima, Geeske. Nimekunywa kahawa yake. Nikawa namwita 'wewe'. Wewe nisomee, wewe niandikie."

Majira ya baridi yalipoanza Geeske alizikuta funguo za nyumba ndani ya kopo la kahawa. Baada ya sikukuu, Ubbo alikwenda mjini kwa baiskeli akarudi kwa miguu, na baiskeli ikaletwa na mwenye duka. Walikuwa wamekubaliana kutolizungumza jambo hilo, na hata makubaliano hayo hawakuwahi kuyazungumza.

"Inawezekana nilikosea," Ubbo alisema.

Miaka thelathini na minne ya ndoa, na sentensi hiyo ilikuwa mpya.

"Hodi, hodi! Jamani, hapa pana msiba?"

Huyo alikuwa Harmke, mdogo wake Geeske, na keki ya viungo mkononi. Mnaomfahamu mnamfahamu. Kwa mgeni wa leo nitasema tu kwamba alikuwa diwani wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na Orodha ya Vijiji yote mfukoni mwake. Wiki mbili nyuma orodha hiyo ilikuwa na viti viwili barazani. Sasa ilikuwa imepata cha tatu, kwa tofauti ya kura thelathini na saba, na kiti hicho cha tatu ndicho kingeiokoa shule ya Lutkewerd isifungwe.

"Shemeji, umekaa na koti kama uko kituo cha basi. Vua, tule keki. Dada, visu viko wapi?"

"Harmke, keti kwanza."

"Nitaketi baada ya—"

"Keti."

Geeske alimweleza. Hakuzunguka. Alipofika kwenye zile namba, Harmke alikuwa ameacha kutabasamu.

"Nani mwingine ameona?" Harmke aliuliza.

"Mpaka sasa, sisi watatu."

"Basi."

"Basi nini? Matokeo yako wazi kwa watu wote."

"Yako wazi, sawa. Nani anayasoma?" Harmke alicheka kidogo, bila furaha. "Wewe tu, dada. Wewe na majedwali yako. Wenzako wana watoto wa kuamsha asubuhi na kuwapeleka shule. Watoto ishirini na wanane, na unataka wakae ndani ya basi dakika arobaini kila siku kwa sababu safu yako haikunyooka?"

"Nataka kura ziende zilikopigiwa."

"Leo saa nane mchana baraza la zamani linaketi kwa mara ya mwisho. Wakishayapokea matokeo, imekwisha. Zimebaki saa tatu tu, dada. Huwezi kukaa kimya kwa saa tatu?"

Angeweza. Hilo ndilo lililomtisha Geeske. Hakuwa akitakiwa kusema uongo, bali kutosema kitu, na alikuwa amechoka kiasi kwamba kutosema kitu kulimvuta kama kitanda kilichotandikwa.

Harmke aliliona hilo, akasogea karibu.

"Na ukienda, utawaambia nini? Kwamba mumeo kichwa hakimkai? Marnewold nzima ijue? Mtu aliyeheshimiwa miaka yote hii, kesho akipita dukani watu washushe sauti?"

"Harmke," Ubbo alisema. "Niko hapa hapa."

Harmke aliona haya, walau kidogo. Alichukua mkoba wake, keki akaiacha. Mlangoni aligeuka.

"Fanya utakavyo. Siku zote umefanya utakavyo."

Mlango ulifungwa. Waliobaki wawili walisikiliza baiskeli yake ikikwaruza changarawe mpaka barabarani.

"Tunaweza kuacha," Geeske alisema.

"Washa printa."

"Ubbo, sikiliza. Hata hatuna uhakika. Mimi nina mwelekeo wa kura tu. Mwelekeo si ushahidi."

"Washa printa, Geeske. Mimi nitasema, wewe uandike. Nikiandika mwenyewe si ajabu nikaipeleka kwa daktari wa meno."

Ulikuwa utani. Geeske alijaribu kucheka, ikashindikana, akavuta kibodi karibu.

Ubbo alisema polepole, macho yakiwa dirishani. *Mimi, mwenyekiti wa kituo namba kumi na nne, naomba mfuko wa kura za kituo changu ufunguliwe na kuhesabiwa upya, kwa kuwa nahofia niliandika kura za orodha mbili mahali pasipo pake. Kosa, kama lipo, ni langu. Wenzangu wa kituo hawahusiki.*

"Ongeza," alisema, "kwamba siku hizi nasahau."

"Hilo si lazima."

"Ongeza."

Aliongeza.

Saa saba na nusu walikuwa ofisini kwa karani wa baraza, Bi Reinou Kloosterhuis, mwanamke mrefu aliyekuwa akipanga maua ya kuwaaga madiwani wanaoondoka. Aliisoma barua mara mbili.

"Bwana Tamminga, una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nimekuja."

Bi Reinou aliyaacha maua.

Msomaji, umewahi kuketi nyuma ya ukumbi huku barua yako ikisomwa na mtu mwingine? Meya aliisoma kwa sauti ile ile aliyosomea kumbukumbu za mkutano uliopita. Alipofika kwenye maneno *siku hizi nasahau*, alisita, akaendelea. Watu waligeuza shingo. Kisha wakazirudisha haraka, na huko kuzirudisha haraka kulikuwa kubaya zaidi.

Ubbo alikaa wima, mikono magotini.

Diwani mmoja alisimama kusema kwamba wanamheshimu sana Bwana Tamminga, lakini fomu ilisainiwa na watu watano, na kama kila mzee mwenye wasiwasi atafunguliwa mfuko, baraza jipya litaapishwa wakati wa mavuno. Wengine wakacheka. Mwingine akasema wasiwasi wa mtu mmoja na jedwali la mkewe si hoja.

"Jedwali la mkewe ni chaguzi saba!" Geeske alisikia sauti yake ikipaa, kabla hajajua kwamba amesimama.

"Bibi, wageni hawaruhusiwi kuzungumza," meya alisema.

Akaketi, uso ukimwaka.

Kura zikapigwa kwa mikono. Wanaotaka mfuko ufunguliwe: mikono tisa. Wasiotaka: mikono tisa. Madiwani walikuwa kumi na tisa.

Kila jicho likamgeukia Harmke Bolhuis.

Alikuwa akichezea kalamu. Kiti chake cha tatu, shule yake, miaka minne ya kugonga milango kwenye mvua, vyote vilikuwa kwenye mkono ule. Geeske aliangalia sakafu. Hakutaka kumwona mdogo wake akifanya lile ambalo yeye mwenyewe, asubuhi ile ile, nusura alifanye.

"Fungueni," Harmke alisema, mkono juu. "Mimi sina wasiwasi."

Ukumbi ulivuma. Akitoka, Harmke alipita nyuma ya kiti cha dada yake, akalibonyeza bega lake mara moja, akaenda zake. Geeske alikaa pale mpaka watu wakaisha, akijilaumu kwa kila alilomfikiria mtoto wa mama yake tangu asubuhi.

Kesho yake saa tatu asubuhi mfuko ulikatwa lakiri kwenye ukumbi wa michezo. Wahesabuji wanne, meza ndefu, viti ishirini vya watazamaji. Ubbo alivaa koti lake la Jumapili. Harmke aliketi safu ya nyuma, karibu na mlango.

Zile karatasi kubwa za kura zilifunuliwa moja baada ya nyingine, kila moja na kiduara kimoja kilichopakwa penseli nyekundu. Fungu la Wakristo. Fungu la Vijiji. Mafungu mengine madogo.

Fungu la Vijiji lilikua. Likakua zaidi.

Geeske alihisi mkono wa Ubbo ukitafuta wake.

"Orodha ya Vijiji," Bi Reinou alisoma, "mia moja na kumi na mbili. Orodha ya Wakristo, kumi na tisa."

"Rudia," Ubbo alisema.

"Mia moja na kumi na mbili, Bwana Tamminga. Kumi na tisa. Kama ulivyoandika. Hukukosea hata kura moja."

Ubbo alicheka. Kicheko kile kilikatika katikati, kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa kofia. Alikuwa amekiri mbele ya mji mzima kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu hakuwa na uhakika wa kutosha juu ya kichwa chake mwenyewe kulikana. Geeske alimkumbatia pale pale kwenye viti vya plastiki. Hakujali nani anatazama. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilisema sina wasiwasi," sauti ya Harmke ilitoka nyuma.

Hapo, wasomaji wangu, furaha ya Geeske ikaanza kupoa, kuanzia miguuni.

Ni kweli alisema. Lakini jana jikoni, alipoonyeshwa zile namba, hakusema *haiwezekani*. Hakusema *wazee wamenipenda mwaka huu*. Mshindi yeyote angesema hivyo. Harmke aliuliza swali moja tu: nani mwingine ameona. Na barazani aliinua mkono kama mtu anayejua kilichomo ndani ya mfuko.

Kama Ubbo hakukosea, basi wale wazee walibadilika kweli. Watu tisini wa kanisa, kwa pamoja, kwa uchaguzi mmoja. Miaka yote ya kusafisha matokeo, Geeske hakuwahi kuona watu wakihama hivyo.

"Zimebaki kadi za wapiga kura," Bi Reinou alisema, akiutikisa mfuko. "Hizi ni za waliokuja wenyewe. Na hizi ni za waliopigiwa kura na wengine kwa niaba. Sabini na nne."

"Ngapi?" Geeske aliuliza.

"Sabini na nne."

Vituo vingine huwa na nane, kumi, kumi na mbili. Mtu akiumwa, anasaini nyuma ya kadi yake, anampa jirani ampigie kura. Jirani haruhusiwi kubeba zaidi ya mbili. Kila mtu anafanya, hakuna ajabu. Lakini sabini na nne!

Na namba hiyo haikufichwa na mtu. Ilikuwa kwenye fomu, kwenye faili la manispaa, safu ya kumi na saba. Nusu ya vituo viliiacha tupu, vingine viliandika "hakuna", vingine viliweka kistari. Siku ya tatu ya kusafisha, macho yakimwasha, Geeske alisema safu hii ni takataka. Akaifuta yote. Jedwali likapendeza.

"Nawakumbuka," Ubbo alisema taratibu, kofia bado mkononi. "Walikuja wawili wawili tangu asubuhi, kila mmoja na kadi zake mbili. Nikamwambia Alie, mwaka huu mafua yamewashika wazee vibaya." Akamgeukia mkewe. "Alie. Umesikia, Geeske? Alie."

"Nimesikia," alisema, akamshika mkono, lakini macho hayakutoka mezani. "Bi Reinou, naomba kuona migongo ya hizo kadi."

"Kuona unaruhusiwa. Kugusa hapana."

Bi Reinou alizigeuza moja moja. Saini za wazee: zilizotetemeka, zilizokatika katikati, nyingine kama mikwaruzo ya kuku. Ya kwanza. Ya tano. Ya kumi na moja, yenye wino uliovuja.

Ya kumi na mbili haikutetemeka.

*T. Bolhuis.* Ilisimama imara, na ile B kubwa ilikuwa na mkia uliopita chini ya jina zima.

Trijntje Bolhuis ana miaka tisini na mmoja, chumba cha mwisho ghorofa ya kwanza, Tuinwerd. Tangu vuli hajui kijiko kinashikwa vipi. Kila Jumapili Geeske humlisha supu ya haradali, na kila Jumapili mama yake humuuliza yeye ni binti wa nani.

Na mkia ule Geeske aliujua. Aliuona kwenye daftari za shule, kwenye kadi za sikukuu, kwenye vipeperushi vya kampeni. Mtu mmoja tu katika familia yao aliandika B namna ile.

Bi Reinou alikuwa ameacha kugeuza kadi. Aliangalia jina, akamwangalia Geeske.

"Bi Geeske, huyu si mama yenu?"

"Ndiye."

"Na saini hii ni yake?"

Nyuma yao kiti kilikwaruza sakafu. Harmke alikuwa amesimama, mgongo ukiuziba mlango, na ile sauti ya kuitia ng'ombe ilikuwa imekwisha yote.

"Dada," alisema. "Dada, tafadhali. Niangalie kwanza."

Geeske hakugeuka. Alivuta pumzi, akafungua kinywa.